Maji ya Maktaba

Maua ya mapokezi yalisahauliwa wiki nzima ya sikukuu, na niliporudi kazini niliyakuta yamelegea, shingo zimevunjikia ukingoni mwa chombo. Nikakibeba hadi kwenye sinki na kumwaga maji. Ile harufu ikanipanda puani kabla sijawahi kubana pumzi: harufu ya kitu kilichokuwa hai, kikalowekwa, kikasahauliwa. Nikashika sinki kwa mikono miwili. Daktari wa meno ninayefanya kazi naye hapa Kisumu, mtu anayechungulia vinywa vilivyooza kutwa bila kukunja uso, akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, nimekumbuka maktaba. Akacheka, akadhani namfanyia mzaha.

Sikuwa na nguvu za kumweleza. Nitawaeleza ninyi mliosoma shule za msingi nyakati zetu, mnaokumbuka kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kamba kwenye bomba, shule nzima ikikinywea, ukingo wake umetafunwa mpaka umekuwa kama msumeno.

Tulikuwa tukiishi Awendo. Baba alitoka Pwani akiwa kijana, akafungua duka la vitambaa na kandambili karibu na stendi, akaoa, akatuzaa, asirudi tena kwao. Watoto wa mtaani waliniita nyar Mswahili, binti wa Mswahili, hata walimu wengine wakasahau kwamba jina langu ni Mwanaidi. Rafiki yangu Adhiambo peke yake ndiye aliyeniita Mwana.

Ukilelewa Awendo, pua yako hulelewa na kiwanda cha sukari. Kuna siku mji mzima ulinukia sukari inayoungua sufuriani, ukatamani kulamba hewa. Siku nyingine harufu ilikuwa nzito na chachu, ikakaa kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye nywele. Kwa hiyo kila uvundo katika mji ule ulikuwa na mwenyewe tayari. Choo kikijaa, ni kiwanda. Panya akifia darini, ni molasi. Mtu akijamba kwenye mkutano wa wazazi, watu wote waligeuka kutazama upande wa kiwanda.

Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati kando ya shule, si mbali na machinjio. Juu ya paa lake walipenda kusimama wale ndege wakubwa wa jalalani, wenye vipara na mfuko wa ngozi unaoning'inia kooni kama soksi yenye mchanga. Walikuja kutoka machinjioni midomo ikiwa na damu, wakasimama juani, wakajinyea miguu yao wenyewe ili wapoe. Sisemi hili kwa kuwachukia. Mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba ndivyo walivyoumbwa, na sisi tukawa tunaketi chini ya mti ng'ambo kuwatazama wakifanya, tukisikia kinyaa na kushindwa kuondoka.

Maji ya paa hilo yaliteremka kwa mfereji na kuingia kwenye tangi jeusi la plastiki lililowekwa juu ya jukwaa la saruji. Mfuniko wake ulikuwa umechukuliwa na upepo wa mvua, na hakuna aliyeutafuta. Madam Perpetua, msimamizi wa maktaba, alikuwa mwanamke mrefu kutoka Homa Bay, Mkatoliki wa kwenda misa kila alfajiri, aliyevipenda vitabu kuliko alivyowapenda wasomaji wake. Hakuna mtoto aliyegusa kitabu kabla ya kunawa kwenye bomba la tangi lile. Na kwa kuwa bomba la shule lilikuwa limekauka, tulinawa hapo na kunywa hapo hapo.

Ilianza kidogo. Mara ya kwanza maji yalikuwa na ladha ya chuma, kama umelamba kitasa cha mlango. Baadaye yakawa na utamu fulani usiotakiwa, uliobaki nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Kisha ikaja harufu. Ukiyaacha kwenye kikombe, juu yalifanya viduara vinavyong'aa kama mchuzi uliopoa. Siku moja nilipokuwa nakunywa nikahisi kitu laini kimenigusa mdomo. Nikakivuta kwa vidole. Ulikuwa unyoya mdogo mweupe, umelowa, umejikunja kama kope. Adhiambo akasema ni sufi imepeperuka kutoka kwenye mto wa mtu. Akaupuliza ukaanguka, na mimi nikamaliza kikombe.

Adhiambo ndiye aliyekwenda kusema. Alisimama mbele ya meza ya Madam Perpetua, mikono nyuma.

"Madam, hiyo maji inanuka."

"Hiyo ni molasi," Madam alisema, macho kwenye kitabu alichokuwa akikibandika jalada.

Tukamwambia mwalimu wa darasa. Akasema molasi. Nikamwambia baba, akavuta pumzi mlangoni mwa duka na kutikisa kichwa. "Kiwanda hicho, mwanangu. Hata chai yangu hapa inanukia kiwanda."

Basi tukajifunza kuishi nayo. Mimi niliziba pua. Adhiambo alivumbua njia yake: alitafuna kipande cha muwa, akakificha shavuni, kisha akanywa maji yapite katikati ya utamu. Mimi nilikwenda nyumbani mchana nikanywa maji ya mama yaliyochemshwa. Kwao Adhiambo kulikuwa mbali, ndani kwenye mashamba ya miwa, kwa hiyo alikunywa ya tangi kutoka asubuhi hadi jioni.

Kitu kilichotuleta maktabani kila siku kilikuwa vitabu vya Bi. Kemunto. Vilikuwa vyembamba, vyenye majalada meusi, vya kutisha watoto. Madam Perpetua aliviweka rafu ya juu kabisa, ambako ilibidi apande ngazi kuvishusha, akitumaini aibu ya kumwomba ingetushinda. Haikutushinda. Adhiambo alikuwa amevisoma vyote mpaka akawa anajua ukurasa gani una kamasi na ukurasa gani una meno. Alinisomea kwa sauti chini ya mti, na nilipojikunyata alisimama, akanitazama kwa furaha, akarudia pale pale.

Kwa hiyo tangazo lilipotoka kwamba Bi. Kemunto mwenyewe atakuja maktabani kwetu Ijumaa, Adhiambo hakulala. Tulimwumba pamoja, kiungo kwa kiungo. Angekuwa na kucha ndefu za njano. Angekuwa hapepesi macho. Angekuwa na mkoba, na ndani ya mkoba kuna kitu kinachopumua. Nilimwamini Adhiambo kwa kila neno.

Kabla ya Ijumaa ile kufika, Adhiambo akaanza kutapika. Kwanza shuleni nyuma ya madarasa, halafu kwao, halafu njia nzima ya kwenda hospitali, begani kwa mama yake. Mama yake alikuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sindo. Akafunga kibanda chake sokoni, akahamia wodini, akawa analala sakafuni juu ya leso yake ya kujifunga chini ya kitanda cha mwanawe. Walisema ni malaria. Walimpa dawa ya malaria, na homa ikabaki pale pale.

Nilikwenda na mama yangu kumwona Adhiambo siku moja kabla ya mwandishi kuja. Midomo yake ilikuwa imepasuka na tumbo limevimba chini ya shuka. Chini ya kitanda kulikuwa na beseni ambalo nilijitahidi nisilitazame, na nikalitazama.

"Mwana," akaninong'oneza, "muulize hutoa wapi hizo vitu."

"Nitamwuliza."

"Na uangalie kucha yake."

Ijumaa Madam Perpetua alipiga deki tangu asubuhi, akatandika kitambaa cha kushonwa juu ya meza, akachemsha chai ya maziwa. Tuliketi sakafuni tumebanana. Gari likasimama nje, na akaingia mwanamke mfupi mnene wa Kisii, amevaa sweta ya rangi ya maziwa na viatu vizuri vya ngozi, anapenga mafua kwenye kitambaa cha mkononi. Nilitazama kucha zake. Zilikuwa fupi kama za muuguzi. Nilihuzunika kwa ajili ya Adhiambo. Mkoba, hata hivyo, ulikuwa mkubwa na mweusi, na aliuweka sakafuni karibu na mguu wake kwa uangalifu.

Madam akammiminia chai. Akanywa kikombe, akasifu, akaongezewa.

Kisha akasoma. Hakupaza sauti wala kutoa macho. Alisoma kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posta. Kilikuwa kisa cha kiumbe kinachoishi chini ya kitanda cha mtoto, kinachokusanya kucha alizokata, magaga ya vidonda aliyojibandua, meno yaliyong'oka na nta ya masikio, kikayagandisha kwa mate, kidogo kidogo, mpaka kikapata mtoto wa pili wa kumweka kitandani badala ya yule wa kwanza. Mama wa kile kisa hakugundua lolote, ila alikuwa akishangaa kwa nini mtoto wake siku hizi anakwaruza akimkumbatia. Mvulana mmoja mbele yangu alikuwa akibandua gaga gotini. Akalirudisha mahali pake na kulibonyeza.

Bi. Kemunto akafunga kitabu. "Sasa ni zamu yenu," akasema. "Msinipe shetani mwenye pembe, huyo namjua. Kitu cha kutisha huanza na kitu kilichoharibika kidogo tu, na wakubwa wanasema ni kawaida. Niambieni kitu kilichowatia kinyaa kweli, cha hapa kwenu."

Mikono ikainuka. Choo cha shule. Jicho la omena lililobaki peke yake kwenye sahani. Soksi za mjomba. Kila mmoja alijitahidi kumpita mwenzake, na vicheko vikapanda. Bi. Kemunto aliitikia kwa kichwa, akipenga. Nikainua mkono ili niulize swali la Adhiambo, na nilipopewa nafasi, swali likanipotea. Mwili mzima ulikuwa umekumbuka kitu kingine.

"Maji ya hapa nje," nikasema.

"Yana nini?"

"Yananuka."

"Mwanaidi," Madam Perpetua akasema kutoka nyuma, "hiyo ni molasi. Madam, hapa kwetu kuna kiwanda."

Bi. Kemunto hakumgeukia. "Yananuka kama nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafumba macho, nikatafuta. "Mwanzo yalinuka kama chuma. Sasa yananuka kama bandeji ya ndugu yangu alipokatwa na panga, siku ilipofunguliwa."

Vicheko vikakatika.

"Na ukiyatazama?"

"Yana mafuta juu. Viduara. Na yanatoka nyuzi nyuzi, na manyoya madogo meupe. Adhiambo anasema ni sufi."

"Adhiambo ni nani?"

"Rafiki yangu. Yuko hospitali. Tumbo."

Mtoto mwingine akasema hata yeye aliwahi kutoa unyoya kinywani. Mwingine akasema dada yake anaendesha tumbo tangu wiki iliyopita. Wakaendelea, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ndogo, na sasa hakuna aliyekuwa akishindana.

Bi. Kemunto alitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwake. Kilikuwa kimebaki robo. Nilimwona akikiweka mezani polepole sana, juu ya kitambaa cha kushonwa, na kukisukuma mbali kwa kidole kimoja.

"Hii chai ni ya maji ya wapi?"

"Ya tangi," Madam alisema. "Lakini nimechemsha. Harufu ni molasi tu, Madam."

"Molasi haina manyoya, dada yangu."

Akaomba ngazi. Madam akasema hakuna ngazi, kisha sote tukageuka kutazama ngazi ya rafu ya juu, ile ya kushushia vitabu vyake. Wakaitoa wao wawili. Bi. Kemunto akavua viatu vyake vizuri, akaviacha kwenye nyasi vikitazamana, akapanda kwa soksi, Madam Perpetua ameshika ngazi chini na kutazama pembeni. Sisi tulisimama nusu duara. Juu ya paa ndege walikuwa wamesimama kama kawaida yao.

Alifika juu, akaingiza kichwa kwenye lile tundu. Akakaa hivyo kwa muda ambao mtu angekaa akisoma kitu. Aliposhuka uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na matone ya jasho juu ya mdomo. Akatembea kwa soksi hadi nyuma ya maktaba, na tukamsikia akitapika, muda mrefu, mpaka hakikutoka kitu ila sauti.

Mwanamke aliyeandika mtoto wa magaga na nta. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alirudi akijipangusa. "Hakuna mtoto atakayekunywa hapa tena," akamwambia Madam. "Hata kunawa. Ita mwalimu mkuu."

Wanaume walikuja na kulabu ya machinjioni. Tuliamriwa kuingia madarasani, na sote tukajazana madirishani. Kilichotoka kwanza ni bawa, refu ajabu, linachuruzika, ngozi yake inateleza juu ya mfupa kama soksi inayovuliwa. Kisha mguu mmoja peke yake. Kisha kile kipara. Ule mfuko wa kooni ulikuwa umejaa maji, ukawa mkubwa, mweupe, na walipouweka ukingoni ukapasuka. Alikuwa mmoja wa wale wale wa paani. Aliingia kunywa, nadhani, na mle ndani hakuna nafasi ya mtu mwenye mabawa kama yale kuyafungua. Mtu mmoja akafungua bomba la chini na kuyaacha maji yamwagike kwenye nyasi. Mbwa wa machinjioni walikuja mbio, wakanusa, wakarudi nyuma.

Nilihesabu vikombe vyangu kichwani na nikashindwa. Nikajikwangua ulimi kwa ukucha mpaka ukauma. Darasa zima lilikuwa likitema mate sakafuni, na mwalimu hakutukataza, kwa sababu naye alikuwa dirishani, anatema.

Na mimi, mtoto niliyekuwa, nikapiga hesabu yangu. Ndege hakuwahi kuwepo mpaka mwanamke huyu alipokuja. Alikuja na mkoba. Alituambia tumwambie kitu cha kinyaa, nikasema, na mara kikawa. Nilikuwa nimefungua mdomo tu, na kile kitu kikatoka tangini kimeumbwa na maneno yangu na yake, kama yule mtoto wa chini ya kitanda.

Ndiyo sababu nilitetemeka Bi. Kemunto alipokuja mlangoni mwa darasa na kusema, "Yule msichana aliyesema. Nipeleke kwa rafiki yako."

Baba aliitwa kutoka dukani, akakubali, akafuatana nasi. Hospitali haikuwa mbali. Nilitembea upande wa pili wa baba, mbali na Bi. Kemunto. Sweta yake ya rangi ya maziwa ilikuwa na doa, na alinuka matapishi na mafua na ile harufu ya tangi iliyomshika kwenye nywele. Kila upepo ulipovuma kutoka kwake nilijizuia kutapika. Mwishowe nikamwuliza, nikitazama barabara.

"Ni wewe ulimweka?"

"Nani?"

"Ndege."

Baba akasema, "Mwanaidi, adabu."

"Mwache," Bi. Kemunto akasema. Akapenga. "Unyoya ulioutoa mdomoni uliutoa leo?"

"Hapana. Zamani."

"Kabla sijaja."

"Ndiyo."

"Basi alikuwepo. Mimi sikuwa hata na habari na mji wenu." Akatembea kidogo. "Wewe ulikuwa na habari naye wakati wote. Hukuwa na mtu wa kukuuliza, basi."

Nilimwona baba akiinamisha kichwa.

Wodini Bi. Kemunto hakwenda kitandani kwanza. Alimtafuta daktari, kijana aliyekuwa ameketi anakunywa soda, akamwambia akiwa amesimama: mtoto huyu amekunywa maji ya mzoga kwa wiki nyingi, na shule nzima pia. Daktari akaanza kusema kuhusu malaria. Bi. Kemunto akamsikiliza, akamwacha amalize, kisha akamweleza alichokiona tangini, taratibu, kwa sauti ile ile ya kuelekeza njia ya posta, kuanzia bawa. Daktari akaiweka soda chini. Jioni ile ile wakampima Adhiambo choo na damu, na dawa zikabadilishwa.

Adhiambo alitutazama tukikaribia kitanda. Macho yake yalikuwa makubwa usoni.

"Huyu ndiye yeye," nikasema.

Akamwangalia kutoka kichwani hadi miguuni, na kurudi. "Nilidhani utakuwa mbaya," akasema.

"Samahani," Bi. Kemunto akajibu. "Leo nimejitahidi. Nusa hii sweta."

Adhiambo akainusa, akakunja pua. Mama yake alikuwa ameinuka kutoka sakafuni, ameshika leso kifuani, hajui kama amkaribishe mgeni au amfukuze. Bi. Kemunto akaketi ukingoni mwa kitanda na kumweleza Adhiambo kila kitu, bila kumpunguzia, mguu, kipara, mfuko wa kooni. Mama Adhiambo alifunika mdomo. Akageukia ukuta na kusema kitu kwa Dholuo, sauti ndogo, jina la Mungu likiwemo.

"Tulimnywa?" Adhiambo akauliza.

"Mlimnywa."

"Yote?"

"Alikuwa amebaki kidogo."

Sijawahi kuona mtu mgonjwa namna ile akifurahi namna ile. Akanigeukia. "Mwana, sufi," akasema, na akacheka mpaka mama yake akavuta beseni haraka.

Nilitoka nje. Sikuweza kuelewa, na mpaka leo sielewi, jinsi alivyoweza kucheka na lile jambo likiwa bado tumboni mwake. Mimi nilikuwa mzima, na kwa miezi sikuweza kunywa kitu chochote bila kukiinua kwanza kwenye mwanga.

Mjini maneno yalikuwa mengi. Baadhi ya wazazi walisema yule mwanamke alikuja na uchafu wake kwenye mkoba, na kwamba vitabu vya namna ile huita vitu. Waliitisha mkutano wakitaka vichomwe. Baba alikwenda, yeye ambaye hakuwahi kwenda mikutano ya shule kwa sababu ya duka, akasimama na kusema kwa Kiswahili chake cha Pwani kwamba binti yake alimwambia maji yananuka, naye akamjibu kuhusu kiwanda, na kama kuna kitu cha kuchomwa basi waanze na masikio yake. Watu walicheka kwa aibu. Vitabu havikuchomwa. Madam Perpetua alikaa mkutano mzima mstari wa nyuma.

Maktaba ilifungwa, ikafunguliwa. Tangi jipya likaletwa, lenye mfuniko wa kufunga kwa skrubu, na wavu juu ya mfereji. Kikombe kipya cha bluu. Tulikaa siku nyingi bila mtu kukigusa. Watoto walileta maji kwenye chupa.

Adhiambo akarudi shuleni. Alikuwa amenyolewa upara kwa sababu ya homa, shingo imekuwa nyembamba, miguu mirefu kuliko zamani, na mnaweza kujua wenyewe walimwita nani. Walifanya sauti ya kugonganisha mdomo kama wale ndege wa paani alipopita. Dawati lake likawa na mtu mmoja. Wote tulikuwa tumekunywa maji yale yale, kikombe kile kile, lakini yeye alikuwa ameugua, kwa hiyo yule ndege akawa wake peke yake. Mwishowe niliketi naye mimi, nikisogea kidogo ukingoni. Kichwa changu kilijua ni Adhiambo. Ngozi yangu ilikuwa na maoni mengine.

Siku moja mchana wa jua kali, tukiwa kwenye mstari wa kunawa nje ya maktaba, Adhiambo alitoka kwenye mstari, akaenda hadi bombani, akajaza kile kikombe cha bluu na kunywa. Hakutafuna muwa. Alikunywa nusu, akakinyoosha kwa msichana aliyekuwa nyuma yake. Msichana akaficha mikono. Akakinyoosha kwa mwingine, naye akarudi nyuma, na mstari mzima ukarudi nyuma, na mtu mmoja akaanza ile sauti ya mdomo. Adhiambo akabaki amenyoosha mkono. Kidevu chake kikaanza kutetemeka, yeye aliyemcheka mzoga tumboni mwake.

Madam Perpetua alikuwa mlangoni. Sikumwona akija. Alishuka ngazi za saruji, akapita katikati yetu, akakichukua kile kikombe mkononi mwa Adhiambo. Alikitazama. Ninajua uso wa mtu anayetaka kutapika, nimeuona kwa ndugu zangu na kwenye kioo, na ndio uso aliokuwa nao. Akaweka mdomo pale pale Adhiambo alipoweka wake, akanywa. Koo lake lilikuwa likipanda na kushuka, likikwama, likipanda tena. Alikunywa mpaka chini, akafuta midomo kwa kiganja.

"Huyu hana kitu ndani yake ambacho sisi wengine hatuna," akasema.

Akakijaza tena, akasimama nacho, akimngoja mtu. Jua lilikuwa linauma. Hakuna aliyesogea. Nikasikia miguu yangu ikitembea kabla sijaamua, nikakipokea, nikakinywa chote nikiwa nimewatazama wao wawili, na ngozi yangu ikakataa kutoka tone la kwanza mpaka la mwisho.